Sato wa Kijani, Chumba cha Nne

Mdogo wangu ameyasoma haya kabla yenu. Amekata mistari mitatu kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa zamu, akaandika pembeni "hii haikuhusu," kisha akanirudishia daftari. Kwa hiyo mkifika mahali mkaona habari imeruka, jueni palikuwa na mstari mzuri sana hapo, lakini mimi sina mamlaka nao.

Namwita mdogo wangu, ingawa kwa karatasi za ofisini ni mtoto wa mama mdogo. Ana miaka kumi na minne, mimi kumi na sita. Kwao ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Alivuka na kivuko kuja kwetu Mabatini siku ileile alipomwambia mama yake yaliyompata. Hayo yenyewe siyaandiki. Mtu mzima aliyeaminiwa pale kwao alimfanyia ukatili, mtu huyo sasa yuko mikononi mwa sheria, na mengine yote ni ya mdogo wangu, atayasema yeye akitaka na kwa anayemtaka.

Ninachoandika mimi ni habari za benchi, za sanduku, na za samaki. Hizo nilikuwepo.

Mama yangu, Bimkubwa, anakaanga samaki Mabatini, kwenye kibanda chenye foleni. Siku mdogo wangu na mama yake walipofika, alizima jiko samaki wakiwa wameiva upande mmoja. Sijawahi kumwona akifanya hivyo, hata kwa msiba. Akamshika mdogo wangu mkono wakaenda kituo cha afya, na ukweli usemwe, siku ile walihudumiwa vizuri. Alipimwa, akaongea na mnasihi, akapewa vidonge vya kuzuia maambukizi. Kimoja kila siku, mwezi mzima, bila kuruka hata siku moja. Ila hupewi vyote kwa pamoja. Unarudi kila wiki, unapima uzito, unakaa na mnasihi, ndipo unapata vya wiki inayofuata, na viwili vya akiba juu yake. Bimkubwa aliporudi nyumbani alikuwa na sentensi moja tu mdomoni: "Mwezi mzima, asiruke." Aliisema akimenya vitunguu, aliisema akifunga mlango, nadhani aliisema hata usingizini.

Wiki ya pili nikajitolea kumsindikiza. Pale shuleni mimi najulikana kwa mdomo. Mwalimu wa nidhamu ana daftari lenye jina langu kila ukurasa, na anasema siku nikimaliza Kidato cha Nne atalifunga kwa utepe. Nikaona kazi hii naiweza: nimchekeshe njiani kwenda, nimchekeshe njiani kurudi.

Kwenda alicheka kidogo, upande mmoja wa mdomo. Tukafika.

Sasa niwaelezee pale palivyokuwa. Mlango wa mwisho ulikuwa na maandishi mekundu, makubwa, ya kusomeka toka barabarani, yanayosema ni chumba cha waathirika wa ukatili. Mbele ya mlango, benchi moja. Benchi lenyewe limeangaliana na foleni ya dirisha la dawa, uso kwa uso. Ukikaa pale, watu wote wenye malaria, minyoo na presha wanakusoma kama tangazo la mkutano.

Na nikiri. Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ile na malaria yangu, nikamnong'oneza rafiki yangu, "Waone wale, wamekaa mbele kama wageni rasmi." Tukacheka mpaka nikakohoa. Simkumbuki hata mmoja aliyekuwa amekaa pale. Siku ile nilipokaa mimi na mdogo wangu, nilitafuta kwenye foleni sura ya mtu kama mimi. Nikaiona. Alikuwa anamnong'oneza rafiki yake.

Halafu akaja mzee wa mapokezi. Huyu mzee, kabla ya kufanya kazi kituoni, alikuwa anaitisha abiria kwenye gati la kivuko. Sauti yake ilizoea kushindana na injini na upepo wa ziwa. Akasimama katikati ya ukumbi na faili mkononi.

"Binti wa Kamangaaa! Yule aliyeletwa wiki iliyopita na mama mkaanga samaki wa Mabatini! Chumba cha mwisho, kwenye maandishi mekundu!"

Foleni nzima ikageuka. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye mwavuli akasema "maskini wee" kwa huruma kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka. Mdogo wangu akasimama. Akaupita mlango wa maandishi mekundu kana kwamba ni ukuta, akatoka nje, akavuka geti.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe ng'ambo ya barabara.

"Sirudi," akasema.

Nikajaribu utani wa kwanza, ukaanguka. Wa pili ukaanguka. Wa tatu nikaumeza mwenyewe.

"Vimebaki vingapi?"

"Viwili."

Viwili vya akiba. Maana yake siku mbili, na baada ya hapo mwezi mzima wa Bimkubwa unakatika katikati. Nilipomwambia Bimkubwa alitaka kwenda kuvichukua yeye, lakini utaratibu ni kwamba anayemeza ndiye anayepimwa. Mdogo wangu akajifunika shuka hadi kichwani na kusema neno lilelile.

Kesho yake nilipotoka shule, sikwenda nyumbani. Nilikuwa nimeandika barua wakati wa kipindi cha Uraia, kurasa mbili, na bahati nzuri mwalimu alidhani naandika notsi. Niliipeleka kituoni kuitumbukiza kwenye sanduku la maoni, lile la mbao lililopigiliwa ukutani. Nikaisukuma, haikuingia. Nikaikunja mara nne, haikuingia. Nikachungulia kwenye tundu: karatasi zimejaa hadi mdomoni.

Nikamwendea mzee wa mapokezi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Mimi siumwi, babu. Sanduku lenu ndilo linaumwa. Limevimbiwa."

Akaligeukia sanduku. "Lile halifunguliwi. Ufunguo aliondoka nao mganga mfawidhi wa zamani, alipohamishiwa Geita."

"Lini?"

"Kitambo. Wakati ule bado watu wanavuka Busisi kwa kivuko."

"Babu! Daraja limejengwa mpaka limeisha, magari yanapita, ufunguo tu ndio haujavuka?"

Nilisema kwa sauti, ndiyo, siwezi kukataa. Watu wa foleni ya dawa wakaangua kicheko, na mlango mmoja ukafunguka, akatoka nesi mkuu. Mwanamke mfupi, miwani juu ya kichwa, mtu wa kukuangalia viatu kwanza halafu uso.

"Nani anapiga kelele kwenye kituo changu?"

"Shikamoo nesi. Ni mimi. Nina barua, sanduku limejaa."

Nilitegemea kufukuzwa, nilishajipanga kukimbia. Badala yake alilitazama lile sanduku kama mtu aliyeonyeshwa chumba nyumbani kwake asichokijua. Kisha akasema, "Leta jiwe."

Mwanza hatukosi vitu viwili, samaki na mawe. Nikachukua lile linalozuia mlango wa stoo, nikampa. Aligonga kufuli mara tatu, likaanguka, na karatasi zikamwagika sakafuni. Nyingi zilikuwa za kawaida. Choo hakina maji. Nesi wa zamu ya asubuhi ananuna. Mmoja alichora moyo, akaandika jina la daktari fulani ndani yake. Nesi mkuu alikuwa anasoma amesimama, anatabasamu. Halafu akafika kwenye karatasi ya daftari la shule, imekunjwa ikawa ndogo kama pipi, na tabasamu likaondoka. Akafungua nyingine. Akavuta kiti.

Alinipa mimi moja niisome, sijui kwa nini. Mwandiko wa mtoto. "Naomba benchi likae nyuma." Nyingine, mwandiko tofauti, kalamu ya risasi: "Msituite kwa sauti. Mimi nilikuja mara moja tu." Na nyingine. Na nyingine. Hakuna jina hata kwenye moja. Wote walisema jambo moja, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na sanduku likanyamaza nalo.

Barua yangu ya kurasa mbili niliirudisha kwenye begi. Haikuwa na jipya.

Nesi mkuu akamwita mzee wa mapokezi, akampa zile karatasi. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole akitembeza kidole. Alipomaliza akavua miwani.

"Mimi nilikuwa nawaheshimu," akasema. Sauti ya gati ilikuwa imekwisha kabisa. "Kwetu ukimwita mtu nusu nusu, umemwita kama mbuzi. Unamtaja yeye, unataja kwao, unataja aliyemleta. Ndiyo heshima. Nilijua nawapa heshima."

Nilikuwa nimejiandaa kumwigiza shuleni, jinsi anavyovuta ile "Kamangaaa." Sikumwigiza tena.

"Mdogo wako ana vidonge vya siku ngapi?" nesi mkuu akaniuliza.

"Cha leo tu. Kesho hana."

"Mlete kesho. Mpitishe nyuma, kwenye kufulia. Nitamsubiri mwenyewe."

Nilimwambia mdogo wangu habari za zile karatasi. Nilitegemea nitahitaji kubembeleza, lakini alikaa kitako, shuka likaanguka. "Wengi?" akauliza. Nikamwambia wengi. Kesho yake tukapita nyuma, tukiinama chini ya mashuka mabichi yanayodondosha maji, tukatokea kwa nesi mkuu tumelowa mabega. Akapimwa, akaongea na mnasihi, akapata vya wiki. Mwezi haukukatika.

"Ila nimepita kama mwizi wa kuku," aliniambia tukirudi. Na alikuwa sahihi.

Nesi mkuu hakulala, au kama alilala alilala anafikiri. Maandishi mekundu yalifutwa siku ileile kwa rangi ya ukuta, na mlango ukabaki chumba cha nne, kama vile kulivyo na cha kwanza hadi cha tatu. Benchi likaunganishwa na mabenchi mengine. Ikabaki kazi ya kuita. Akaniuliza, "Wewe mwenye mdomo, mtu ataitwaje bila jina?"

Nikasema namba. Akasema namba walishajaribu, ikawa vita: wa kumi na mbili anakwenda kwa daktari wa meno, wa saba anasubiri vipimo, foleni nzima inasimama kudai imerukwa. Namba zina mpangilio, na mpangilio unaleta ngumi.

Ndipo nikamkumbuka Bimkubwa. Pale kibandani hajui majina ya wateja na hana muda wa kuyajua. Anamwita kila mtu kwa alichoagiza. "Wewe kichwa cha sangara, njoo!" "Sato wa ndimu, uko wapi?" Mwalimu wangu wa Hesabu kwa Bimkubwa anaitwa Mkia Mkavu, na anaitika. Nikamwambia nesi mkuu, tuwape samaki. Hakuna samaki aliye wa kwanza wala wa pili.

Akacheka mpaka miwani ikamshukia puani. Akakubali.

Mdogo wangu ndiye mwenye mkono wa kuchora. Alichora kadi nne, za kutumiwa na wanaokwenda chumba cha nne. Wiki ya tatu tukaingia kwa mlango wa mbele, yeye na kadi yake ya sato mfukoni, mimi nimevimba kichwa kama mvumbuzi. Mzee akaja katikati ya ukumbi, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sato."

Mdogo wangu akasimama. Na nyuma yetu mama mmoja akamwelekeza mwenzake, kwa wema tu, kama anavyoelekezwa mgeni: "Wale wanaoitwa kwa samaki ndio wale."

Nikageuka kumkamata mdogo wangu asikimbie. Hakukimbia. Alinyoosha mgongo, akaingia chumba cha nne, akapimwa, akachukua vidonge, akatoka. Kisha akasimama mbele yangu.

"Maandishi mekundu umeyatoa mlangoni, umenibandika mimi. Kwa magamba."

Nikaitazama kadi mkononi mwake.

Akageuka, akaenda kugonga mlango wa nesi mkuu. Mwenyewe. Nilimfuata nyuma kwa sababu sikuamini. Mtoto ambaye wiki mbili nzima alikuwa anaongea neno moja kwa siku, alisimama pale na kadi yake mkononi.

"Nesi, kila mtu awe samaki."

"Kila mtu nani?"

"Wote. Wa jino, wa malaria, wajawazito, wazee wa mgongo. Anayekaa kwenye benchi anapewa samaki. Tukiwa sisi peke yetu, tunaonekana."

"Watu wazima watakubali kuitwa kambare?"

"Kwa mama mkubwa wanakubali," akasema. "Wanakula na wanarudi."

Wazo langu lilikuwa la kuchekesha. Lake ndilo lililofanya kazi, na naliandika hapa ili lisije likasemwa langu.

Jumamosi na Jumapili tulikaa kibandani tukikata maboksi ya chupa za dripu. Samaki wanane kwa rangi tano: sato, sangara, furu, kambare, kamongo, ningu, gogogo na dagaa, kila mmoja kwa kijani, nyekundu, njano, bluu na nyeusi. Mdogo wangu alichora, mimi nilipaka rangi na kubandika selotepu, Bimkubwa akawa mkaguzi na mwiko wake.

"Kamongo gani huyu? Huyu ni nyoka. Rudia."

"Mama mkubwa, kamongo anafanana na nyoka."

"Anafanana, lakini si nyoka. Mpe mapezi yake kama nyuzi. Na huyu sangara mnene hivi amevuliwa wapi, mimi niende?"

Mzee wa mapokezi alikuja kuzichukua mwenyewe. Akasimama barabarani akafanya mazoezi: "Ningu wa bluu, chumba cha pili. Sangara mweusi, chumba cha kwanza." Wateja wa Bimkubwa wakadhani kuna samaki wapya, wakaanza kuulizia ningu wa bluu.

Wiki ya nne ndiyo niliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo. Ukumbi ulikuwa umejaa na kila mtu ana kadi. Mzee mmoja wa mgongo, kanzu safi, bakora, alikuwa ameshikilia yake mbali na macho kama barua ya deni.

"Mimi na mvi zangu zote niitwe furu?"

"Babu," nikamwambia, "furu wamebaki wachache ziwani. Serikali yenyewe inawatafuta. Ni heshima."

"Nyamaza wewe. Nani ana sangara tubadilishane?"

Kijana wa duka la spea akakataa kutoa sangara wake. Mama mjamzito alikuwa dagaa na hakuacha kucheka, anashika tumbo, anasema na hili lilivyo mimi ni dagaa. Wa malaria alikuwa kambare, wa jino alikuwa kamongo na sura ilimkaa. Hata mimi nilipewa, kwa sababu mzee wa mapokezi sasa hamruhusu mtu kukaa bila samaki. Akaniuliza naumwa nini. Nikadanganya jino. Nikawa gogogo wa njano.

"Sato wa kijani, chumba cha nne."

Nikasimama pamoja naye kama kawaida.

"Kaa," mdogo wangu akasema. "Wewe si sato."

Akaenda. Nilitazama vichwa, kimoja kimoja, foleni nzima ya dawa na mabenchi yote. Hakuna kilichogeuka. Walikuwa wamemzunguka babu furu, wanamshawishi akubali. Mdogo wangu aliingia chumba cha nne kama mtu yeyote anavyoingia chumba chochote, na mlango ukajifunga kwa sauti ndogo.

Nilijivuna hadi kifungo cha juu cha shati kikanibana. Sikumbuki kujivunia kitu namna ile, hata siku nilipopata tisini ya Kiswahili na mwalimu akadhani nimeibia.

"Gogogo wa njano, chumba cha pili!"

Nilikuwa nimesahau kuwa ni mimi. Daktari wa meno akanifungua mdomo, akagonga gonga, akasema kweli kuna tundu, vizuri nimewahi. Mdogo wangu alipotoka na pakiti yake ya mwisho alinikuta nimekaa na pamba mdomoni, siwezi kusema neno. Akaniangalia. Akaanza kucheka. Siyo ule upande mmoja wa mdomo. Alicheka akashika ukuta, babu furu akauliza huyu mtoto ana nini, naye akashindwa kumjibu.

Kesi inaendelea, na askari anayemhoji huja pale pale chumba cha nne akiwa na nguo za kiraia. Mnasihi bado anamwona. Kadi za sangara zinaibiwa, kwa hiyo kila mwisho wa wiki mdogo wangu anachora nyingine, na mara moja moja hurudi ameona kwenye benchi binti asiyemjua, ameshika ningu au dagaa, anasubiri kama wengine. Hasemi naye. Anasema inatosha kwamba amekaa mpaka akaitwa.

Kidonge cha mwisho alikimezea kibandani, mchana, baada ya shule. Bimkubwa alikuwa na foleni. Aligeuza sato mzima, akamweka kwenye sahani na ndimu, akaita kwa sauti ya kibiashara, "Sato wa kijani!" na wateja wawili wakageuka kutafuta rangi. Mdogo wangu akaja mbele. Kabla hajagusa sahani, akaweka kidonge kwenye ulimi, akanywa maji, akameza. Kisha akafungua mdomo wake nione, ulimi juu, ulimi chini, kama wanavyokaguliwa wanaomeza dawa.

"Mwezi mzima," akasema. "Sikuruka."

Bimkubwa akageuka kwenye karai, akasema moshi wa leo ni mkali, na akaendelea kukaanga.